Koki tatu nyuma ya jiko: uchambuzi wa mafuriko ya ndani, Kunduchi

Nyumba ipo upande wa Kunduchi, Dar es Salaam: ghorofa moja, vyoo vinne, bustani yenye migomba na nyasi za kupandwa. Maji yake ni ya kisima cha kuchimbwa. Pampu iliyozamishwa kisimani huyapandisha hadi tangi la lita 5,000 lililo juu ya mnara wa mita 9, na boya la umeme huiwasha na kuizima lenyewe. Kwa miaka mingi maji yalikuwa yakishuka nyumbani kwa uzito wake tu.

Miezi michache kabla ya tukio mwenye nyumba alinunua mashine ya kulainisha maji, ile inayoondoa madini yanayoacha ukoko. Kisha usiku mmoja mpira wa beseni la kunawia ghorofani ulipasuka, na kwa kama saa moja na nusu hakuna aliyeweza kuyazuia maji. Niliitwa asubuhi yake kutengeneza. Baadaye mwenye nyumba akaomba maelezo ya maandishi, kwa sababu aliamini mashine ndiyo iliyomletea balaa. "Tangu wafunge ile kitu nyumba ina presha ambayo haikuwepo," aliniambia. Ameniruhusu kukieleza kisa bila kumtaja.

Mipira ya beseni hupasuka, ina umri wake kama kifaa kingine chochote, na tukio la namna hiyo likikutana na koki nzuri huisha kwa ndoo mbili na tambara. Hapa liliondoka na dari, makochi na televisheni. Kwa hiyo nilichokuwa nakitafuta zaidi ni kwa nini maji hayakufungwa.

Usiku wenyewe

Dada wa kazi ndiye aliyesikia kwanza, kama saa tisa. Baba alikuwa safarini. Maji yalikuwa yameshajaa bafuni, yamepita chini ya mlango hadi kwenye korido, na sebuleni yalikuwa yakidondoka kupitia matundu ya taa za dari. Mama mwenye nyumba alikimbilia chini ya beseni kutafuta cha kufunga, hakukuta kitu. Mpira ule uliosukwa kwa nyuzi za chuma, mafundi tunauita fleksibo, ulikuwa umeungwa moja kwa moja na bomba linalotoka ukutani, bila engo valvu, ile koki ndogo ya kufungia beseni moja. Ni mchezo wa kawaida wa mafundi wa umaliziaji: kila beseni linaokolewa kifaa kimoja, kabati linafunika, mteja anakabidhiwa funguo.

Mlinzi akapandishwa mnarani. Chini ya tangi kulikuwa na geti valvu, koki ya gurudumu, ya shaba nyeupe (brasi) iliyowekwa siku nyumba inajengwa. Akazungusha gurudumu. Likazunguka, likazunguka tena, wala maji hayakupungua. Akashuka akidhani amekosea upande, akapanda tena.

Simu ya fundi aliyejenga haikupokelewa. Ya dharura ya mamlaka ya maji isingesaidia, kwani maji yalikuwa ya kwao wenyewe. Aliyeokoa jahazi ni mzee wa jirani aliyeamshwa na kelele.

"Shikamoo mzee, maji yanatumaliza huku!"

"Marahaba binti yangu. Umeme mmezima?"

Hawakuwa wamezima. Mama akaenda kwenye swichi kuu, ambayo kwa bahati ipo varandani, mahali pakavu. Nyumba ikawa giza, na hapo hapo mlio wa maji ghorofani ukapungua karibu nusu. Hilo liliwashangaza wote, na sababu yake nitaieleza. Mzee akaagiza bomba zote za chini zifunguliwe, la bustani kwanza, halafu mlinzi apande na tochi afungue bomba la kusafishia tangi. Maji yakapata njia rahisi ya kutokea huku chini, na ya ghorofani yakabaki kuchuruzika. Tangi likaisha baada ya nusu saa hivi.

Sikuwepo, lakini namvulia kofia yule mzee kwa mpangilio wake. Maji yanayopita kwenye taa hayaachwi na umeme, na hakuna sababu ya kuhangaika na mabomba kabla hilo halijakwisha. Ila swichi kuu ikiwa ndani ya dimbwi usiifuate. Toka na watu, uite wa shirika la umeme. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau usiku wa namna hiyo: boya. Tangi linapopungua, boya linaiwasha pampu ya kisimani, na kisima kinaanza kulisha mafuriko. Bila kuzima umeme wangemwaga lita 5,000, kisha zingekuja nyingine.

Dari wangeweza kuiokoa kwa kiasi. Jipsamu ikishaanza kutuna tumbo, itobolewe kwa mti wa fagio mahali palipovimba zaidi, ndoo ikiwa chini na mtu akiwa amesimama pembeni. Tundu dogo linarekebishwa kwa jipsamu kidogo na rangi. Hii ya kwao iliachwa ijae, ikashuka vipande vizima juu ya makochi.

Nilichokuta

Fleksibo niliikata nikaifungua mezani. Nyuzi za nje zilikuwa zimekatika karibu na pete ya kubania, zikiwa na vidoa vya kahawia, ingawa ni chuma kile kinachouzwa kwa sifa ya kutoshika kutu. Bila nyuzi za kuushika, mpira wa ndani ulituna kama puto kisha ukachanika kwa urefu. Ndani ya kabati hilo hilo kulikuwa na chupa mbili za jiki, moja kizibo chake hakijakaza. Chuma cha aina hii hakipendi klorini. Mvuke wa jiki ndani ya kabati lililofungwa huila taratibu kutoka nje, na maji ya kisima yenye kloraidi nyingi huongeza pale panapovuja tone tone kwenye nati.

Kabla ya kuikata nilipima kwa ndoo: niliunga kipande kile kile kilichopasuka, umeme umezimwa. Ndoo ya lita 20 ikachukua karibu dakika mbili. Nilipowasha umeme ikajaa ndani ya dakika moja. Kwa hesabu hiyo, ndani ya saa moja na nusu ile ilimwagika zaidi ya tani moja ya maji, bila kuhesabu yaliyotoka watu wakiwa bado wamelala.

Tofauti ya ndoo hizo mbili ndiyo presha aliyoilalamikia mwenye nyumba, na hapo alikuwa sahihi. Maji yakishuka mita 10 yanatoa presha ya takriban bari 1. Kutoka tangini hadi beseni la ghorofani ni mita 5 au 6 tu, yaani bari 0.5 na kidogo. Mashine ya kulainisha maji haiwezi kufanya kazi hivyo. Ili kichwa chake, sehemu ya juu inayoiendesha, kiweze kunyonya maji ya chumvi wakati wa kujisafisha, zinahitajika kama bari 1.5 hadi 2. Aliyeifunga akaweka pampu ndogo ya kusukuma mbele yake, na akaiacha izime ikifika bari 3. Ndiyo maana umeme ulipozimwa maji yalipungua nusu: pampu ilisimama, ukabaki mnara peke yake.

Je, presha hiyo ndiyo iliyoupasua mpira? Mpira mzima wa aina ile hubeba bari 10 bila wasiwasi. Bari 3 hazipasui mpira wenye afya. Zilichofanya ni kuiwahisha siku ya mpira uliokwisha kuoza, pamoja na ule mshtuko mdogo kila pampu inapowaka na kuzima. Fundi mwangalifu anayeongeza presha kwenye nyumba ya zamani huanza kwa kukagua mipira yote. Huyu hakukagua.

Geti valvu nayo niliikata kwa msumeno wa chuma. Kabari inayopaswa kushuka kuziba maji ilikuwa imeganda juu kabisa, imezungukwa na ukoko mweupe mgumu, na mti wa kuizungushia ulikuwa umekatika shingoni. Gurudumu lilikuwa linazungusha kipande kisichoshika kitu. Pale palipokatika rangi haikuwa ya njano ya shaba nyeupe bali nyekundu, kama waya wa umeme. Maji yenye kloraidi huiondoa zinki ndani ya shaba nyeupe, inabaki shaba yenye vitundu inayovunjika kama biskuti. Koki hiyo ilikaa wazi tangu siku ya kwanza, haijawahi kuguswa, na siku ya kuguswa ndiyo siku iliyohitajika.

Koki zilizokuwepo

Mashine imesimikwa nyuma ya jiko, usawa wa kiuno, mahali ambapo mtoto wa darasa la tatu anafika. Kama ilivyo desturi ya mitambo hii, imefungiwa koki tatu: moja ya kuingia, moja ya kutoka, na ya tatu katikati, ambayo ni njia ya mchepuko ya kuipita mashine inapotengenezwa. Zote tatu ni boli valvu za mpini, mpya. Na kwa kuwa maji yote ya nyumba, hadi ya vyoo na bustani, yalipitishwa hapo, mpini wa koki ya kuingia ukigeuzwa robo mzunguko, huku ule wa katikati umefungwa kama kawaida, nyumba nzima inakauka.

Niliufanya mbele ya mama mwenye nyumba. Alinyamaza kidogo, akaniuliza: "Yaani muda wote ule fundi, ilikuwa hapa?"

Ilikuwa hapo. Aliyeifunga hakumwonyesha mtu, hakuweka hata kibandiko. Familia ilikuwa imeshaichukia mashine, hakuna aliyekuwa anapita nyuma ya jiko isipokuwa kuongeza chumvi. Ukiniuliza chanzo cha hasara yao kwa neno moja, ni makabidhiano. Mafundi tunakabidhi kazi kwa kufungua bomba mteja aone maji yanatoka. Mara chache tunakabidhi kwa kumwonyesha yanavyofungwa.

Kwa nini waliichukia mashine

Mwenye nyumba aliuziwa kwa maneno "inaondoa chumvi". Haiondoi. Hapa pana matatizo mawili yanayoitwa kwa jina moja la maji ya chumvi, na ni vyema yatenganishwe.

La kwanza ni ugumu: kalsiamu na magnesiamu. Ardhi ya upande ule ni mawe ya chokaa ya matumbawe ya kale, jiwe lile lile linalochimbwa Wazo Hill kutengenezea saruji. Maji yanayopita humo hulibeba, na yanapochemshwa huliacha tena, ndio ukoko ule wa kwenye birika na kwenye koili ya hita. Sabuni haitoi povu, mashuka yanakakamaa. La pili ni chumvi yenyewe, sodiamu na kloraidi, inayoyapa maji ladha. Kisima cha karibu na bahari huwa nayo, hasa kikivutwa sana.

Nilipeleka sampuli maabara. Ugumu miligramu 420 kwa lita, na kuanzia 180 kwenda juu maji huhesabiwa kuwa magumu sana. Kloraidi ilikuwa 510, wakati ulimi wa watu wengi huanza kuitambua kati ya 200 na 300. Jumla ya madini yaliyoyeyuka, 1,500.

Ndani ya mashine mna punje ndogo za rezini zilizobeba sodiamu. Maji magumu yakipita, punje hushika kalsiamu na magnesiamu, na badala yake hutoa sodiamu. Zikishiba, mashine huzisuuza kwa maji ya chumvi kutoka kwenye pipa la pembeni, uchafu hutoka kwenye mfereji, kazi huanza upya. Kloraidi haiguswi kabisa, na sodiamu huongezeka: kwa kila miligramu 1 ya ugumu inayoondolewa huingia karibu 0.46 ya sodiamu. Kwa ugumu wa 420 hiyo ni kama miligramu 190 zaidi katika kila lita. Maji yaliyolainishwa hayawezi kupungua ladha ya chumvi kwa mashine hii. Aliyeiuza ama hakujua, ama alijua.

Basi, ladha haikubadilika. Lakini walisema pia kwamba ukoko ulirudi, na hili lilipaswa kutokea? Hapana. Nikachukua vitone vya kupimia ugumu, vile vinavyogeuza maji kutoka rangi ya mvinyo kuwa bluu yanapokuwa laini. Maji yaliyotoka mashineni yakabaki mekundu. Nikafungua kichwa: kipimo cha ugumu kilikuwa kimewekwa greni 10. Greni 1 ni miligramu 17.1 kwa lita, kwa hiyo maji yale yalitakiwa kuwekwa greni 25.

Hesabu yake ni fupi. Mashine ina lita 25 za rezini, na lita moja hushika kama gramu 50 za ugumu. Zote kwa pamoja, gramu 1,250. Kwa maji ya 420, hiyo ni kama lita 3,000 kabla ya kushiba. Mashine iliyodanganywa kuwa maji ni ya greni 10 ilikuwa ikisubiri zaidi ya lita 7,000. Zaidi ya nusu ya maji ya nyumba yalipita yakiwa magumu kama yalivyotoka kisimani, wakati chumvi ya pipani inaendelea kununuliwa. Na kwa kuwa bustani nayo ilinyweshwa maji yaliyolainishwa, lita 3,000 hizo zilikuwa hazifikishi siku mbili.

Chumvi yenyewe walinunua ile ya mawe, isiyosafishwa, ya mashamba ya chumvi ya Bagamoyo. Si mbaya na ni rahisi, ila ina mchanga na matope yanayoziba tundu dogo la kunyonyea. Ukiitumia, pipa lisafishwe mara kwa mara. Ya unga ya mezani usiiweke. Hugandamana chini ikawa tofali.

Na migomba? Ilikuwa imekauka nusu. Mfereji wa kusuuzia mashine ulielekezwa shinani kwake.

Tulichofanya

Koki mpya ya boli valvu iliwekwa chini ya mnara, usawa wa kifua, si juu tena, na nyingine kwenye bomba linaloingia nyumbani. Kila beseni, choo na sinki vikapata engo valvu yake. Mipira yote ilibadilishwa; ule wa choo cha wageni ulikatika mkononi mwangu nilipoukunja. Jiki ikahamia kwenye stoo yenye hewa. Koki zote hufungwa na kufunguliwa kila baada ya miezi miwili, kwa sababu hata boli valvu inayoachwa miaka huganda kwenye maji haya.

Bustani na vyoo vikatengewa bomba la peke yake kabla ya mashine. Ndani sasa wanatumia kama lita 700 kwa siku, kipimo kimewekwa greni 25, mashine inajisafisha takriban kila siku ya nne kwa kilo 3 hivi za chumvi. Vitone vinageuka bluu. Pampu ya kusukuma nimeishusha izime kwenye bari 2. Mfereji umetolewa kwenye migomba.

Jikoni kuna bomba moja la kunywa ambalo halipiti kwenye mashine. Bibi wa nyumba ana presha, ile ya mwilini, na lita mbili za maji yaliyolainishwa zingemwongezea karibu gramu 1 ya chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Ugumu wenyewe hauna kiwango cha juu kilichowekwa na shirika hilo kwa ajili ya afya, kwa hiyo kunywa maji magumu si hatari, ni ladha tu. Wanaotaka kuondoa ladha ya chumvi kweli wanahitaji kichujio cha utando, kile kinachosukuma maji kwa nguvu kupita kwenye ngozi nyembamba. Kidogo cha chini ya sinki kinatosha kwa kunywa na kupikia. Kusafisha nyumba nzima kwa njia hiyo ni ghali na humwaga maji mengi, sikuwashauri.

Niliwaachia pia mfuko: spana mbili, plagi mbili za nusu inchi, tepu ya nyuzi na vipande virefu vya tyubu ya baiskeli. Plagi ni ya kuziba bomba la ukutani mpira ukishatolewa. Tyubu ni ya kuzungushia palipopasuka, ikivutwa kwa nguvu kila mzunguko. Haizuii presha ya pampu, lakini pampu ikishazimwa ghorofani pana bari 0.5 tu, na kwa hiyo tyubu inatosha hadi asubuhi.

Limebaki moja. Shawa ya umeme ya ghorofani ilikuwa inawapiga shoti kidogo, nao walitegemea mashine ingemaliza tatizo hilo. Haiwezi. Koili ya shawa nyingi za papo hapo hukaa wazi ndani ya maji, na maji yanayobeba madini mengi hupitisha umeme vizuri, yawe magumu au yamelainishwa. Zipo shawa za maji ya chumvi ambazo koili yake imefunikwa, na ndizo za kufunga kwenye nyumba za visima vya ukanda huu, waya wa ardhini ukiwa umeungwa kweli. Nilipofungua soketi ya ile ya zamani, waya wa ardhini ulikuwa umekatwa na kukunjwa pembeni. Nimeizima kwenye breka na kuibandika karatasi hadi fundi umeme atakapoukagua mfumo mzima wa ardhi wa nyumba.